Kabla Lamu haijaletewa mashine, ifundishwe kupima

Chukua shafti ya pampu ya chuma kisichoshika kutu, unene wake milimita 40, inayotakiwa kuvalishwa puli. Mchoro unasema tundu la puli liwe kati ya 40.000 na 40.025, na shafti yenyewe iwe kati ya 39.984 na 40.000. Mwanagenzi anaikereza, anasimamisha mashine, anabana maikromita ya kidijitali papo hapo na kusoma 39.992. Katikati barabara. Anaitoa, anaiweka mezani, anachukua nyingine. Lakini shafti ile imetoka kwenye kisu ikiwa na joto la nyuzi 60 hivi, na karakana ina nyuzi 30. Chuma cha aina hiyo hunywea kwa takriban sehemu 16 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Kwa unene wa milimita 40 na tofauti ya nyuzi 30, hiyo ni milimita 0.019. Ikipoa, shafti ni 39.973. Imetoka nje ya mpaka kwa milimita 0.011 na hakuna aliyeona. Puli itaingia kwa ulaini wa ajabu, na ulaini huo ndio dalili mbaya. Itacheza, itakula kabari yake, mtikisiko utahamia kwenye beringi, na baada ya muda mwenye pampu ataambiwa kwamba beringi za siku hizi hazina maana.

Utengenezaji wa kisasa, ukiuvua roboti na skrini zake, uko hapo: kwenye elfu za milimita na kwenye akili ya mtu anayejua lini kipimo chake kinamdanganya. Ndiyo maana nasema mpango wowote wa kuwafunza vijana wa Lamu kazi za viwanda vya kisasa ukianza na zabuni ya kununua mashine inayoongozwa na kompyuta, ile mafundi wanayoiita CNC, umeanza kutoka nyuma. Mashine hiyo ni hatua ya nne. Ya kwanza ni kupima, ya pili ni kusoma mchoro na kufanya kazi ya mkono kwa tupa, ya tatu ni mashine ya kukereza inayoendeshwa kwa mkono. Ukiziruka, unapata mwendeshaji anayebonyeza kitufe na kungojea, na mtu wa namna hiyo ndiye wa kwanza kuachishwa kiwanda kinapobadilisha mashine.

Haja ya kulisema hili sasa inatokana na bandari. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na tangu hapo kila kikao cha vijana kinazungumzia ajira zitakazoletwa na LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari hiyo na Sudan Kusini na Ethiopia kwa barabara, reli na bomba la mafuta. Matumaini hayo yana haki. Hata hivyo, kukaa karibu na teknolojia hakumfanyi mtu kuwa mjuzi wake, na pwani yetu ina ushahidi wa karibu. Kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikapaa pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Urushaji uliendelea hadi 1988. Roketi zenyewe, za aina ya Scout, zilitoka Marekani zikiwa zimeshaundwa. Kazi ya kuzikereza, kuzilehemu na kuzipima ilifanyika ng'ambo, na ujuzi ulibaki ilikofanyika kazi. Kreni za bandari, pampu za kusafishia maji ya chumvi na mitambo ya barafu zikija zimeundwa tayari, na fundi wa kuzitengeneza akapanda ndege kila zinapokufa, hali itakuwa ile ile.

Lamu haianzi na mikono mitupu. Kijijini Matondoni, kisiwani Lamu, bado wanaunda majahazi. Fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma aliyoyachagua kwa mpindo wa mti wenyewe, na ubao hukaa penye ubavu mpaka kalafati ipate pa kushika. Vifaa ni tezo, keekee, patasi, timazi, kamba na jicho. Na mafundi hawa si watu wa kuganda kwenye mbao. Septemba 2018 lilizinduliwa Lamu jahazi la Flipflopi, kazi iliyoongozwa na fundi Ali Skanda, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likavikwa kandambili zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki si mbao. Ubao wa plastiki wa aina ngumu wenye urefu wa mita 3 hurefuka kwa milimita 3 hadi 6 joto likipanda nyuzi 10 tu, kwa hiyo mwanya uliokuwa sawa asubuhi si ule wa adhuhuri. Anayeweza kuunda chombo cha bahari kwa kitu kinachohema hivyo hashindwi kuelewa shafti inayonywea.

Anachokosa ni kingine, na hapa ndipo mitaala mingi inapopita bila kusimama. Fundi wa jahazi hupima kipande kwa kipande. Ubao huchongwa mpaka ukubaliane na taruma hili, la hapa, na hautatoshea pengine popote. Kiwanda hupima kipande kwa namba. Shafti inakerezwa Mokowe, puli inatoka India, na viwili hivyo havijawahi kuonana; vinakutana siku ya kufungwa na lazima vikubaliane. Kuhama kutoka kwa kipande kwenda kwa namba ni mageuzi makubwa ya fikra kuliko kuhama kutoka tezo kwenda kompyuta. Mkono wa fundi umezoea kurekebisha mpaka viingie, na tabia hiyo, iliyo sifa njema kwenye jahazi, ni kosa kiwandani. Mwanagenzi aliyepigia puli nyundo ikaingia amefaulu Matondoni na amefeli katika kazi ya viwanda. Mwalimu asiyelieleza jambo hili waziwazi siku ya kwanza atawaona wanafunzi wake wabishi, kumbe wanafuata walichofunzwa na baba zao.

Basi wiki tatu za mwanzo ziwe za kupima tu. Vernia ya kawaida, kile kipimio chenye taya inayoteleza, husoma hadi 0.02, na mpaka wa shafti yetu una upana wa 0.016, kwa hiyo vernia haifai kuihukumu; mwanafunzi agundue hilo mwenyewe kwa kupima kipande kimoja mara kumi na kuandika namba kumi. Maikromita ya mzunguko ina alama 50 na mzunguko mmoja ni nusu milimita, kila alama ni 0.01. Kosa linalorudi kila mwaka ni kuisahau ile nusu milimita iliyofichika kwenye shina, na kipande cha 12.80 kinaandikwa 12.30. La pili ni kukaza kwa nguvu za kiganja badala ya kutumia kile kichwa kidogo kinachoteleza kikifika. La tatu ni joto, tulilokwisha kulieleza. Kila asubuhi chombo kikaguliwe kwa kipande cha kipimo kinachojulikana, na namba iandikwe kwenye daftari la karakana. Halafu ije tupa: kipande cha chuma kilainishwe kuwa mchemraba wa milimita 50 pande zote, kwanza kwa kosa linaloruhusiwa la 0.1, kisha 0.05, pembe zikikaguliwa kwa skwea mbele ya mwanga. Wanafunzi huichukia kazi hii. Mikono hupata malengelenge. Ila hakuna njia nyingine ninayoijua ya kumfanya mtu ahisi sehemu ya kumi ya milimita ni kubwa kiasi gani.

Kwenye mashine ya kukereza ya mkono, hesabu ya kwanza ni kasi. Zidisha 318 kwa kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, gawanya kwa unene wa kipande. Chuma laini cha milimita 40 na kisu cha kawaida cha chuma kigumu, mita 25 kwa dakika, ni mizunguko 199 hivi kwa dakika. Kwa kisu cha kabaidi, mita 120, ni 954. Chuma kisichoshika kutu kina tabia yake: kisu kikikisugua bila kukikata, uso unakuwa mgumu zaidi, na mpito unaofuata unavunja ncha. Mwanafunzi mwoga hula kidogo kidogo kwa hofu ya kuharibu, na hofu hiyo ndiyo inayoharibu. Lazima afunzwe kuingia kwa kina cha kutosha na kuendelea kusogea.

Ndipo CNC. Na hapa kuna hesabu ambayo wapangaji huikwepa. Muhula una wiki 12. Mashine moja ikifanya kazi saa 30 kwa wiki, ni saa 360. Wagawie wanafunzi 40, kila mmoja anapata saa 9 kwa muhula mzima, na kati ya hizo nyingi ataangalia mgongo wa mwenzake. Wapunguze wawe 16 na uweke zamu mbili, saa 60 kwa wiki: kila mmoja ana saa 45. Huyo atajua kitu. Hesabu ya mali ghafi nayo inaumiza. Nondo ya chuma ya milimita 40 ina uzani wa karibu kilo 10 kwa mita. Mazoezi 12 ya sentimita 15 kila moja ni mita 1.8, kilo 18 kwa mwanafunzi, kilo 284 kwa kundi la 16, bila kuhesabu vipande vitakavyoharibika, na vitaharibika. Chuo kilichonunua mashine bila fungu la nondo na ncha za visu la kila muhula kimenunua samani. Kwa mazoezi ya mwanzo Lamu ina neema yake: plastiki ile ile inayookotwa ufuoni, ikiyeyushwa na kumiminwa kuwa magogo, hukatika vizuri, haivunji kisu programu ikikosewa, na vipande vilivyoharibika hurudi chunguni.

Kukosea programu hakuepukiki, kwa hiyo utaratibu wa kuikagua ndio somo lenyewe. Mwanafunzi achore njia ya kisu kwenye karatasi kwanza. Aweke sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu, kwenye uso wa kipande, kisha aihamishe milimita 100 nje ya kipande na kuiacha programu ikate hewa. Akirudisha sifuri, aendeshe mstari mmoja mmoja, kasi ya kusogea ikiwa asilimia 10, mkono mmoja juu ya kitufe chekundu. Nukta moja inaweza kugharimu mashine: kwenye baadhi ya vidhibiti, unene wa milimita 40 ulioandikwa X40 bila nukta husomwa kama sehemu 40 za elfu za milimita, yaani 0.040, na kisu kinakimbilia katikati ya kipande kinachozunguka. Kosa jingine huja kwenye kusahihisha. Kipande cha kwanza kimepimwa 40.06 na kinatakiwa 39.99. Marekebisho ni 0.07 yenye alama ya kutoa. Wengi huingiza nusu yake, wakidhani mashine inahesabu kutoka katikati, ilhali mashine nyingi za kukereza huandikiwa unene kamili. Wengine hukosea alama, wakanenepesha walichotaka kukonda.

Mpaka hapa yote yangeweza kuandikwa kuhusu Thika au Eldoret. Lamu ina adui wa pekee, nayo ni chumvi. Upepo wa kusi huipeleka ndani ya kila nyumba, na reli za mashine zilizosuguliwa kwa ustadi hupata madoa ya kutu zikiachwa bila mafuta tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Kila jioni zipanguswe na zipakwe mafuta ya reli, daraja la 68. Maji ya kupoozea ndiyo tatizo linalosahaulika zaidi. Mafuta huchanganywa na maji kwa asilimia 5 hadi 8, ila maji ya visima vingi vya visiwani yana chumvi. Mchanganyiko hujitenga, mafuta huelea, na kipande kinatoka kwenye mashine kikiwa kimeanza kushika kutu. Watu wa Pate na Ndau wanajua pa kupata maji yasiyo na chumvi: kwenye jabia, birika la kukingia maji ya mvua. Karakana ya CNC hapa inahitaji jabia lake kama inavyohitaji umeme wa njia tatu. Na huo umeme uwekewe rilei ya kuzima kila njia moja ikikatika, kwa sababu mota inayoendelea kuzunguka kwa njia mbili huungua haraka.

Kuna kifo kingine cha kimya. Vidhibiti vingi vya CNC hutunza vigezo vya mashine kwa betri ndogo, na betri hiyo hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa, kila mwaka au karibu na hapo. Mashine iliyofungiwa stoo ikingoja ufunguzi rasmi, umeme haujaunganishwa, hukaa ikila betri yake. Siku ya kuwashwa haijui tena urefu wa reli zake wala mwanzo wake uko wapi. Chuma kizima, rangi inang'aa, akili imetoka. Vigezo vyake vikiwa vimehifadhiwa kwenye diski na kuchapwa kwenye karatasi, fundi huvirudisha kwa siku moja. Visipokuwepo, ni barua kwa mtengenezaji na miezi ya kungoja. Agizo la kuvinakili vigezo siku ya kwanza liwemo ndani ya mkataba wa ununuzi.

Mambo haya yote yanaelekeza kwa mtu mmoja: fundi wa matengenezo. Marekani waliligundua hili kwa njia yao. Mpango unaoitwa FAME, ulioanzia Kentucky mwaka 2010 karibu na kiwanda cha Toyota, humpeleka mwanafunzi darasani siku mbili kwa wiki na kiwandani siku tatu kwa malipo, kwa mihula mitano, na anayehitimu ni fundi wa fani nyingi: umeme, makanika, haidroliki, nyumatiki, kuchomelea, na vile vidhibiti vya PLC, kompyuta ndogo zinazoongoza mitambo. Kiwanda kikubwa namna ile, kilipokaa kutafuta nani ni adimu, hakikumtaja mbonyeza kitufe. Ujerumani uanagenzi wa aina hii huchukua kati ya miaka miwili na mitatu na nusu, na mwanagenzi hufunga mkataba na mwajiri, si na shule.

Lamu hakuna kiwanda cha kubeba mzigo huo peke yake. Kuna waajiri wadogo wengi: karakana za mashine za boti, mitambo ya barafu, pampu za maji, hoteli zenye jenereta na mitambo ya kusafisha maji, bandari. Waungane, kila mmoja apokee wanagenzi wawili kwa wiki tatu, daftari la kazi likitembea na mwanagenzi na kutiwa saini kwa kazi iliyofanyika, si kwa siku alizohudhuria. Kwa mfano, pampu haiwaki. Je, volti 24 za kidhibiti zipo? Rilei ya mzigo imejifungua? Waya wa kitufe cha kusimamisha ni mzima? Kitufe hicho hufungwa kwa namna ambayo waya ukikatika, mtambo unasimama. Anayelijua hilo hutafuta waya, asiyelijua hununua mota mpya. Mwanagenzi aandike alipima nini, akapata namba gani, akaamua nini. Kurasa 30 za namna hiyo zinamweleza mwajiri mengi kuliko cheti.

Ratiba nayo ifuate bahari. Kijana wa Siyu au Faza husafiri kwa maji ya bahari yanavyotaka, yakijaa au yakikupwa. Masomo ya kila siku saa mbili asubuhi yanamtoa nje kabla hajaanza. Moduli za wiki mbili mfululizo na mahali pa kulala, pamoja na bweni la wasichana lenye usalama ambalo mzazi amelikagua mwenyewe, zingewafikia wengi zaidi. Bila bweni hilo, wasichana wa visiwani hawatakuja, na wazazi wao wana sababu.

Fedha na mamlaka vimegawanyika. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, na vyuo vya kiufundi vikabaki kwa serikali kuu. Hatari ni mashine kukaa upande mmoja na mafundi upande wa pili, bila hata karatasi ya makubaliano ya kutumia karakana pamoja. Waajiri, kwa upande wao, hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, kwa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mwenye wafanyakazi 20 hutoa shilingi 12,000 kwa mwaka, na anayewafunza watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kudai kurudishiwa gharama. Chama cha waajiri wa Lamu kikimwajiri karani mmoja wa kujaza fomu hizo kwa niaba ya wote, pesa hizo zingerudi karakanani.

Wabaki mafundi wakubwa, ambao mipango huwaita siku ya ufunguzi kupigwa picha. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa inawapa mlango wa kupata cheti, na majaribio ya NITA ya daraja la tatu hadi la kwanza yapo. Napendekeza mtihani wao Lamu uwe hivi: fundi apewe mchoro wa shafti na puli, nondo, mashine na siku nzima. Maswali ya nadharia aulizwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, akiwa amesimama penye mashine. Msahihishaji asimguse wala kumharakisha. Fundi akisimamisha mashine na kuiacha shafti mezani bila kuipima, aulizwe anangoja nini, na jibu lake liandikwe kama lilivyotoka.